Kwa nini watu wa Pemba walilala nje mwaka 1995?

Mwanzoni mwa 1995, vijiji vingi vya Pemba vilihamia uwanjani usiku. Watu walitandika mikeka nje, wakawasha moto, wakalala wamekusanyika. Waliyekuwa wakimkimbia ni Popobawa, pepo anayesemwa kuwavamia watu usiku wakiwa wamelala. Baadaye hofu ikavuka hadi Unguja.

Waliokumbwa walisimulia karibu kisa kimoja: unazinduka usiku, harufu mbaya imejaa chumbani, kitu kizito kimekukalia, unataka kupiga kelele, sauti haitoki. Wengine walisema waliingiliwa, hata wanaume, jambo ambalo kwa desturi zetu mtu angezikwa nalo. Ila Popobawa, kama ilivyosemwa, humrudia anayenyamaza. Basi kila aliyekumbwa akasema, na kila aliyesikia akaogopa kulala.

Kukabwa huko tunakujua siku zote: ni jinamizi. Mtu akiwa ndotoni, ubongo huzuia misuli ili asitende anachokiota. Akizinduka kabla misuli haijaachiwa, hukiona chumba chake vilevile lakini hawezi hata kuinua kidole. Wasiwasi na usingizi wa mang'amung'amu huizidisha hali hiyo, kwa hiyo kumkesha Popobawa kulikuwa pia ni kumkaribisha.

Sawa, lakini jinamizi humjia mtu mmoja mmoja, mwaka wowote. Kwa nini safari ile kisiwa kizima? Oktoba ya 1995 palikuwa na uchaguzi wa vyama vingi, wa kwanza tangu Mapinduzi ya Januari 1964, na wazee wa Pemba hawakuwa wamesahau bakora za hadharani zilizofuata Mapinduzi yale. Maria Yellow Horse Brave Heart, msomi wa Kilakota, moja ya jamii za wenyeji wa asili wa Marekani, aliyaita mambo ya namna hii majeraha ya kihistoria: machungu ya kundi zima, yasiyoombolezwa, yanayorithiwa na watoto. Aliwazungumzia watu wake. Kwangu, Wapemba nao wamo humo.

Hofu ile iliua. Mjini Unguja, kijana mgonjwa wa akili aliyetoka bara alipigwa na umati hadi kufa, akidhaniwa ndiye Popobawa mwenyewe.

Hata hivyo, wanaosema Popobawa huja na kura tu wanarahisisha mno. Mwaka 2007 alizuka Dar es Salaam, na mwaka huo hapakuwa na uchaguzi mkuu wowote.