Ulisaini umefika, au umekubali?

Mama mmoja alishuka kutoka mlimani asubuhi na mapema, karatasi ameikunja mara nne na kuifunga kwenye pindo la kitenge. Akaikunjua mezani kwangu. Ilikuwa fotokopi ya muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji, unaosema wanakijiji wameridhia eneo lao la malisho agawiwe mtu wa kutoka nje. Nyuma yake majina yamepangwa, na lake limo, na saini yake mwenyewe.

"Mimi nilisaini kwamba nimefika," akasema. "Sikusaini kwamba nimekubali."

Nafanya kazi ya msaada wa kisheria hapa Moshi, na kwa niliyoyaona, haki nyingi za Katiba watu huziachia kwenye ncha ya kalamu kabla hata hazijafika mahakamani. Tazama karatasi ya yule mama. Ukurasa wa majina haukuwa na kichwa cha habari, wala tarehe, wala ajenda. Ukurasa wa namna hiyo unaweza kubanwa nyuma ya muhtasari wowote. Basi karatasi ya mahudhurio ikikufikia iko tupu juu, andika mwenyewe: "Mahudhurio, mkutano wa tarehe fulani". Hakuna sheria inayokukataza, ingawa karani anaweza kukukunjia uso.

Ibara ya 21 ya Katiba inampa kila raia haki ya kushiriki kwa ukamilifu katika uamuzi wa mambo yanayomhusu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 ndiyo inayoileta haki hiyo mpaka chini ya mti wa mkutano: halmashauri ya kijiji haigawi ardhi bila idhini ya mkutano mkuu, na mkutano mkuu ni kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea. Hapo ndipo wajibu unapoingia. Ibara ya 27 inatutaka tulinde mali ya pamoja na kupiga vita uharibifu na ubadhirifu. Huwezi kuyalinda malisho ukiwa kilabuni kwenye mbege, kisha ukaja kulia muhtasari ukishaandikwa. Nasema hivi nikijua wapo watakaonuna.

Kituo cha polisi ni vilevile. Kijana wa bodaboda akikamatwa, jambo la kwanza analowaza ni kutoka, kwa hiyo maelezo yakishaandikwa anasaini haraka ili yaishe. Yasiishe hivyo. Una haki ya kusomewa ulichosema, kukisahihisha na kuongeza ulichosahau, na una haki ya kuomba ndugu au wakili ajulishwe ulipo. Neno lililokosewa likatwe kwa mstari, na wewe usaini pembeni yake. Ibara ya 13 inakataza mtu anayeshtakiwa kutendewa kama mkosaji kabla hatia haijathibitishwa, lakini karatasi uliyoisaini bila kuisoma inaweza kukupa kazi kubwa mbele ya hakimu. Na dhamana ya polisi hailipiwi. Ukiambiwa "toa kidogo", hiyo kidogo ina jina lake, na TAKUKURU wanalijua.

Kuhusu nyumba nitasema kwa kifupi: Sheria ya Ndoa ya 1971 haimruhusu mume wala mke kuuza au kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Baba anaposema "weka tu dole gumba hapa mama, ni mambo ya benki", mama ana haki ya kuuliza ni mambo gani ya benki.

Lakini kalamu hudhulumu kwa upande wa pili pia, na huko tunajisamehe upesi. Jirani anakuja jioni na hati ya mauziano ya kiwanja: "Nisaidie tu uwe shahidi." Fedha hukuziona zikihesabiwa wala mipaka hukuikanyaga, ila unasaini kwa sababu ni mtu wa karibu. Miaka mitatu baadaye unaitwa kwenye baraza la ardhi kueleza usichokiona. Ibara ya 24 inalinda haki ya kila mtu kumiliki mali, na shahidi wa uongo ni miongoni mwa wanaoivunja kirahisi kabisa, bila panga wala tingatinga. Mjumbe au mwenyekiti anayegonga muhuri kwenye karatasi ambayo hajaisoma naye yumo.

Yule mama hatukumwandikia kesi siku ile. Tulimwambia aende mkutano unaofuata, muhtasari utakapoletwa kuthibitishwa aombe usomwe wote, na majina yasomwe pia. Alikwenda na daftari la shule la mjukuu wake. Walipofika kwenye majina, watu wakaanza kuitana kwa macho. Jina la tisa kutoka mwisho, lenye saini mbele yake, lilikuwa la mzee ambaye wote pale walikuwa wamemzika kabla ya tarehe ya mkutano.