Eneo la umbo mseto: ligawe kwanza, kisha ujumlishe

Mkeka haufumwi kwa mkupuo mmoja. Hapa Lamu husukwa ukili kwanza, yaani utepe mrefu wa miyaa, kisha ukili ule ukashonwa safu kwa safu, ubavu kwa ubavu. Mkeka wenye safu 12, kila safu mita 2 kwa sentimita 10, una eneo la 12 × 2 × 0.1, yaani mita za mraba 2.4, tukiacha kinacholiwa na mshono.

Umbo mseto ni vivyo hivyo: halina kanuni yake lenyewe, kwa kuwa limeungwa kwa maumbo tunayoyajua, kama mstatili, pembetatu au nusu duara. Unatafuta eneo la kila kipande, unajumlisha. Mzingo lakini haujumlishwi hivyo, maana pale vipande viliposhonwa hapana ukingo tena.

Chukua kiwanda, ule ua wa ndani wa nyumba za kale. Tuseme kingekuwa mstatili wa mita 8 kwa 5, ila ngazi imekula pembe moja ya juu, upana wa mita 3 na kimo cha mita 2. Chora mstari wa kukigawa kabla ya kuzidisha chochote. Kipande cha chini kina upana wa 8 na kimo cha 5 − 2 = 3, basi 8 × 3 = 24. Cha juu kina upana wa 8 − 3 = 5 na kimo cha 2, basi 10. Jumla ni 34.

Hapa ndipo wanafunzi wengi huteleza, na si kwa uvivu. Wanaiona 5 ya ubavu mzima, wanaandika 5 × 5 = 25, wakijumlisha na 24 wanapata 49. Ile 15 ya ziada ni sehemu ya 5 × 3 iliyohesabiwa mara mbili. Mimi humtaka mtoto ahakikishe kwa njia ya pili: mstatili mzima, 40, toa ngazi, 6. Ni 34 tena.

Kwenye tao la baraza, angalia kipenyo. Uwazi wa upana wa mita 1.4 na kimo cha mita 2 hadi tao linapoanza una mstatili wa 2.8. Nusu duara la juu lina nusu kipenyo cha 0.7: ½ × 22/7 × 0.7 × 0.7 = 0.77. Jumla ni mita za mraba 3.57. Anayetumia 1.4 hapo atapata nusu duara la 3.08, tao kubwa kuliko uwazi wote ulio chini yake.