Vidakuzi na akiba: kumbukumbu mbili za kivinjari

Umeandika nenosiri sahihi, ukabonyeza "Ingia", ukurasa ukajifungua upya na kukurudisha palepale kwenye kisanduku cha nenosiri. Hakuna ujumbe wa kosa. Unarudia, hali ni ileile. Wengi hapo hukimbilia kubadilisha nenosiri, kumbe nenosiri halina shida. Mara nyingi chanzo ni vidakuzi (cookies).

Kidakuzi ni kipande kidogo cha maandishi, kwa kawaida kisichozidi kilobaiti 4, ambacho tovuti hukikabidhi kivinjari kiitunzie. Kinahitajika kwa sababu HTTP, utaratibu ambao kivinjari na seva, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti, huutumia kuwasiliana, hauna kumbukumbu. Kila ombi likifika kwenye seva hupokelewa kama la mgeni asiyewahi kuonekana. Mwaka 1994 Lou Montulli, mhandisi wa Netscape, kampuni ya kutengeneza kivinjari, alipata ufumbuzi: seva impe mgeni kitambulisho, naye akionyeshe kila anaporudi. Ndiyo maana nenosiri unaliandika mara moja tu. Baada ya hapo kinachokutambulisha, ukurasa baada ya ukurasa, ni kile kitambulisho.

Sasa chukulia kivinjari kimezuiwa kupokea vidakuzi. Seva inakubali nenosiri lako na kutoa kitambulisho, kivinjari kinakikataa, na ombi linalofuata linafika mikono mitupu. Seva haikujui, inakuomba nenosiri tena. Kidakuzi cha zamani kilichoharibika huweza kuleta mzunguko huohuo.

Akiba (cache) ni kitu kingine kabisa, ingawa watu huvitaja viwili hivi kwa pumzi moja. Akiba ni nakala za picha, faili za mitindo (zinazopanga mwonekano wa ukurasa) na hati za JavaScript (zinazoendesha vitufe na menyu) ambazo kivinjari huziweka kwenye kifaa ili kisizipakue upya kila mara. Inakuokolea muda na bando. Lakini wenye tovuti wakibadilisha muundo, ukurasa mpya unaweza kuvishwa mitindo ya zamani: menyu zinapandana, vitufe haviitiki ukivibonyeza, au maandishi matupu yanajipanga upande mmoja bila rangi wala mpangilio.

Kabla ya kufuta chochote, fungua tovuti hiyo kwenye dirisha la hali fiche (Incognito au Private). Humo vidakuzi huanza vikiwa havipo, akiba ya kawaida haitumiki, na viendelezi, yaani programu ndogo zinazoongezwa kwenye kivinjari, kwa kawaida huwa vimezimwa. Tovuti ikifanya kazi humo, basi kasoro imo katika data au viendelezi vya kivinjari chako. Kwa ukurasa uliovurugika, bonyeza Ctrl, Shift na R kwa pamoja. Kwenye Chrome, Firefox na Edge hatua hiyo huupakua ukurasa upya bila kutegemea akiba. Kama maandishi ni makubwa au madogo kupita kiasi tu, Ctrl na 0 hurudisha ukubwa wa kawaida.

Tatizo likiwa la kuingia, futa data ya tovuti hiyo peke yake. Kwenye kompyuta, bofya alama iliyo kando ya anwani, juu ya ukurasa, utafute sehemu ya vidakuzi na data ya tovuti. Hapa nasisitiza, kwa sababu ushauri wa "futa kila kitu" umewaumiza watu wengi. Ukifuta vidakuzi vyote, unatolewa kwenye karibu akaunti zako zote kwa mpigo. Aliyesahau nenosiri la barua pepe, au aliyepoteza laini ya simu inayopokea namba za uthibitisho, anaweza kujifungia nje. Na katika dirisha la kufuta data ya kuvinjari, manenosiri yaliyohifadhiwa yana kisanduku chake. Hakikisha hakina alama ya tiki.

Tovuti nyingine hukuingiza kupitia akaunti ya huduma tofauti, au huonyesha ukurasa wa kuingia ndani ya ukurasa mwingine. Hizo huweza kukwama vidakuzi vya washirika wengine, yaani vya tovuti tofauti na ile uliyoifungua, vikizuiwa, kama Safari inavyofanya yenyewe tangu 2020. Ruhusu vidakuzi hivyo kwa tovuti unayoiamini tu, kama kivinjari chako kinatoa nafasi hiyo. Viendelezi vya kuzuia matangazo navyo wakati mwingine huficha hata kitufe cha kuingia, hivyo vizime kimoja kimoja hadi umpate mhusika.

Kama karibu kila tovuti inakuonya kwamba muunganisho si salama, tazama saa na tarehe ya kifaa. Vyeti vya usalama vya tovuti vina siku ya kuanza na ya kuisha, na kifaa kilichorudi nyuma miaka kadhaa huviona vyote kuwa batili. Rekebisha tarehe kwanza. Usilipuuze onyo hilo na kuendelea kuandika nenosiri.