Namba 2,147,483,647 na sifa zake

Namba 2,147,483,647 hupatikana kwa kuikuza 2 hadi kipeo cha 31, kisha kutoa 1. Ni namba tasa, yaani haigawanyiki bila baki isipokuwa kwa 1 na kwa yenyewe. Namba tasa za umbo hili huitwa namba tasa za Mersenne, kwa jina la mtawa Mfaransa wa karne ya 17, Marin Mersenne, na hii ni ya nane katika mfululizo wake.

Anayetaka kuhakikisha kwamba namba fulani ni tasa huijaribu kwa kila namba tasa isiyozidi kipeuo chake cha pili. Hapa kipeuo hicho ni takriban 46,341, na chini yake zimo namba tasa zaidi ya elfu nne. Mwanahisabati Leonhard Euler, aliyethibitisha mwaka 1772 kwamba namba hii ni tasa akiwa karibu kipofu, hakulazimika kuzipitia zote, kwa sababu umbo lenyewe la namba hii huvibana vigawo vyake. Kwa kuwa 31 ni tasa, kigawo tasa chochote ambacho namba hii ingekuwa nacho lazima kiache baki 1 kikigawanywa kwa 62. Na kwa kuwa 2 ikizidishwa kwa 2 kwa kipeo cha 31 huleta 2 kwa kipeo cha 32, ambayo ni mraba wa namba nzima, kigawo hicho lazima pia kiache baki 1 au 7 kikigawanywa kwa 8. Masharti haya mawili yakiunganishwa, kinachobaki kuchunguzwa ni namba zinazoacha baki 1 au 63 zikigawanywa kwa 248, nazo hadi kufikia kikomo kile ni 373 tu, nyingi zikiwa si tasa. Kwa maoni yangu, uzuri wa namba hii umo katika hoja hiyo kuliko katika ukubwa wake.

Ikizidishwa kwa 1,073,741,824, yaani 2 kwa kipeo cha 30, huzaa 2,305,843,008,139,952,128, ambayo ni sawa na jumla ya vigawo vyake vyote ukiiacha yenyewe, kama 6 ilivyo jumla ya 1, 2 na 3. Mwaka 1811 mwanahisabati Mwingereza Peter Barlow aliandika kwamba namba kubwa zaidi ya aina hiyo haitagunduliwa kamwe. Utabiri huo ulivunjwa katika karne hiyohiyo.

Ikiandikwa kwa kizio cha 2, yaani kwa tarakimu 0 na 1 pekee, namba yetu ni tarakimu 1 zilizopangwa mara 31. Kompyuta inayohifadhi namba nzima kwa biti 32, yaani nafasi 32 za 0 au 1, moja ikiwa ya alama ya chanya au hasi, haiwezi kwa njia hiyo kuhifadhi iliyo kubwa kuliko hiyo. Mifumo inayohesabu sekunde kwa njia hii tangu tarehe 1 Januari 1970 itafika kikomo tarehe 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki. Sekunde inayofuata, mfumo usiorekebishwa utasoma namba hasi na kuonyesha tarehe ya Desemba 1901.