Kuseti rodi ya mafuta kwenye pampu ya dizeli: maana yake ni nini hasa

Salgaa, pale malori yanapopumzika kabla ya kuukabili mlima wa Sachangwan, hukosi kumsikia dereva akinung'unika kwamba gari haivuti, na kwamba akirudi Nakuru atamwambia fundi amwongezee mafuta. Fundi naye akisikia hivyo hushika spana na kuiendea rodi ya pedali. Hapo ndipo wawili hao wanapopotezana. Kuseti rodi hakuongezi mafuta. Ni kuhakikisha tu kwamba mguu wa dereva unafika mahali ambapo pampu tayari inamruhusu ufike.

Rodi ya mafuta ni ile fimbo, au kebo kwa malori mengine, inayotoka kwenye pedali, ikapitia kikono kimoja au viwili, ikaishia kwenye mkono mdogo ubavuni mwa pampu. Nazungumzia malori ya pampu ya kawaida isiyo na kompyuta, na barabara zetu bado zimejaa hayo. Yale mapya pedali yake ni swichi yenye nyaya. Hayana rodi ya kuseti.

Tofauti na injini ya petroli ni hii: kwa petroli, pedali hufungua mlango wa hewa. Dizeli kwa kawaida haina mlango huo. Hewa huingia yote inayoweza kuingia, na nguvu hupimwa kwa kiasi cha mafuta. Ndani ya pampu kila silinda ina bastola yake ndogo iliyochongwa mfuo wa mshazari. Kipande kirefu chenye meno, yaani reki, kikisogea, bastola hizo huzunguka kidogo, na mzunguko huo ndio unaoamua ni mafuta kiasi gani yatakayosukumwa kwenda kwenye nozo, yaani kinyunyizio cha mafuta kwenye injini.

Lakini mkono wa nje haushiki reki moja kwa moja. Katikati yao amekaa gavana, na huyu hagombei kura. Ni vyuma vizito vinavyotanuka kadiri pampu inavyozunguka kasi, vikishindana na springi. Katika pampu nyingi, unapokanyaga unaikaza ile springi, yaani unaagiza kasi. Gavana hutoa mafuta mpaka vyuma na springi vitoshane. Kuna nyingine ambazo gavana hulinda ncha mbili tu, mngurumo wa chini, yaani injini ikizunguka pedali ikiwa imeachiwa, na kasi ya juu, na katikati anamwachia dereva. Kwa vyovyote, kasi ya mwisho si yako kuamua kwa rodi.

Mwendo wa mkono huo umewekewa mipaka na skrubu mbili. Moja huzuia mkono ukirudi, ndiyo ya mngurumo wa chini. Nyingine huuzuia ukienda mbele, ndiyo ya kasi ya juu, na mara nyingi utaikuta imefungwa waya na muhuri wa risasi. Ile risasi usiikate. Hapo panaguswa na fundi wa pampu aliye na mashine ya kupimia, basi.

Lori la shemeji yangu liliwahi kukaa siku mbili kwenye gereji moja hapa Nakuru, wakitaka kuishusha pampu. Mzee mmoja aliyekuwa akipita akamwambia turnboy apande ndani.

"Kanyaga mpaka mwisho."

"Nimefika, mzee."

"Hujafika."

Na kweli, kati ya mkono na skrubu ya juu palibaki nafasi ya kutosha kidole gumba. Chini ya pedali kulikuwa na mikeka miwili, mmoja juu ya mwingine, kwa sababu dereva hakupenda vumbi. Mikeka ilipotolewa, nafasi ikapungua lakini haikwisha. Kichwa cha duara kwenye kiungo cha rodi kilikuwa kimelika mpaka kinacheza. Kikawekwa kingine, rodi ikazungushwa kidogo, ikagusa. Pampu haikuguswa.

Mzee alifuata mpangilio ambao bado nauona ndio sahihi. Anza kwa kuichomoa rodi kwenye pampu, usukume mkono kwa kidole: uende laini, na springi iurudishe wenyewe hadi kwenye skrubu ya chini. Ukikwama hapo, tatizo si urefu wa rodi. Kisha pima rodi ikiwa pedali imeachiwa. Iingie mahali pake bila kuuvuta mkono, ikiwa na ulegevu mdogo sana. Halafu mtu akanyage hadi mwisho, mkono uguse skrubu ya juu. Mwisho, ile skrubu ya kuzuia pedali kwenye sakafu irekebishwe ili uzito wa mguu utue sakafuni wakati huohuo, usiikandamize pampu. Kaza nati za kufungia. Wengi husahau hili la sakafu, ndiyo maana mikono ya pampu hupinda.

Kosa jingine ni kupandisha mngurumo wa chini kwa kufupisha rodi. Injini itanguruma vizuri, ndiyo, lakini ni kama kuendesha mguu ukiwa juu ya pedali siku nzima. Mngurumo una skrubu yake, na huwekwa injini ikiwa moto.

Moshi mweusi nao hautibiwi kwa rodi. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari na Kisumu karibu 1,130. Lori lisilo na turbo, yaani feni ya kuisukumia injini hewa, likitoka ziwani kupanda Mau Summit hewa inapungua huku pampu ikitoa mafuta yaleyale. Litatoa moshi na litachoka, hata rodi ikiwa kamilifu.

Madhara makubwa ya rodi mbaya huonekana wakati wa kushuka. Malori mengi yana swichi kwenye pedali inayozima breki ya ekzosi, ile inayopunguza mwendo kwa kuzuia moshi wa injini kutoka, mara tu unapokanyaga. Rodi ikiivuta pedali hata kidogo isirudi yote, unawasha breki hiyo pale Sachangwan na haishiki, huku injini ikiendelea kupewa mafuta. Kwa hiyo kabla hujamlipa fundi, mwambie turnboy akanyage na kuachia mara kumi injini ikiwa imezimwa, nawe ukiwa umeinama kando ya pampu. Kila akiachia, usikie chuma kikigonga skrubu ya chini: tak.