“Jua linawaka, tuingie tu”: dhana potofu kuhusu mafuriko ya pangoni

Kauli hiyo naiogopa kuliko giza lenyewe la pangoni. Pango la mawe ya chokaa ni mfereji. Mvua inayonyesha juu, milimani na mashambani, hupenya kwenye nyufa na mashimo, ikakusanyika chini kwenye njia moja nyembamba. Kwa hiyo anga la kuangalia ni lile lililo juu ya chanzo cha maji, hata kama kiko kilomita kadhaa kutoka ulipo. Wakenya wamelijua hili kwa uchungu bila hata kuingia pangoni: kwenye korongo la Hell's Gate, karibu na Naivasha, vijana saba wa kanisa walisombwa na maji Aprili 2012, na Septemba 2019 wakafa watu wengine saba. Kuta za korongo lile zimesimama wima, maji yakija hakuna pa kukwepea. Sasa fikiria korongo lenye dari.

“Mvua ilikuwa jana, leo imekatika.” Udongo ulioshiba jana haunywi tena leo. Manyunyu ambayo wakati wa kiangazi yangeishia ardhini, sasa yatateremka yote pangoni. Tena maji huweza kuchukua saa kadhaa kufika chini, yakakukuta ndani wakati huko nje watu wameshaanika nguo.

“Msimu wa mvua bado.” Kwenye pango la Tham Luang, kaskazini mwa Thailand, palikuwa na bango la kuonya kwamba hufurika kuanzia Julai hadi Novemba. Wavulana 12 wa timu ya soka na kocha wao waliingia tarehe 23 Juni 2018, wiki moja kabla ya mwezi uliotajwa. Mvua haikuisubiri Julai. Kalenda inasaidia kupanga safari, lakini ruhusa ya kuingia inatolewa na utabiri wa siku ile na watu wanaoishi jirani na pango. Waulize swali moja: maji huwa yanafika wapi?

“Chini pakavu, basi pako salama.” Hapa ndipo ninapoomba tuwe wavumilivu kidogo. Sakafu inakuonyesha maji yalipo leo. Ya jana na ya mwaka jana yameandikwa ukutani. Inua tochi. Tazama ufa ulio juu ya kichwa chako: kuna jani limebanwa, au kijiti, au nyasi zilizolala zote upande mmoja kama nywele zilizochanwa? Pitisha kidole darini. Kikitoka na tope laini, au ukaona povu lililokaukia pale, maji yalifika mpaka hapo, na ungekuwepo usingekuwa na pa kuvutia pumzi. Tope bichi ni habari ya karibuni. Lakini ukuta msafi nao usikudanganye, kwa sababu mkondo mkali husugua mwamba ukabaki kana kwamba umeoshwa. Alama hizo ukizikuta kwenye njia ya kutambaa kwa tumbo, na mbele hujui kama kuna chumba cha juu cha kukimbilia, rudi. Mimi sioni aibu yoyote katika kurudi.

“Nikiona maji yanapanda nitatoka.” Juni 1967 watu kumi waliingia kwenye pango la Mossdale, Yorkshire, Uingereza. Wanne walitoka mapema. Mvua kubwa ikanyesha, na sita waliobaki kwenye vichochoro vyembamba vya ndani wakafa maji. Kijito kinachobadilika rangi, majani yanayoanza kuelea, mngurumo ambao haukuwepo: hizo ni dalili za kuondoka papo hapo, lakini huenda sehemu ya bondeni uliyopita ukiingia imeshajaa. Hapo ni kupanda sehemu ya juu kabisa na kungoja, ndiyo maana mtu aliye nje lazima ajue umeingia wapi na saa ngapi ulipaswa kurudi.

“Mimi naogelea vizuri.” Wale wavulana wa Tham Luang walikaa juu ya mwinuko wakingoja, wakapatikana hai tarehe 2 Julai, na wote wakatolewa kufikia tarehe 10. Saman Kunan, aliyewahi kuwa mpiga mbizi wa jeshi la majini, alifia ndani ya maji yaleyale tarehe 6 Julai, akirudi kutoka kupeleka mitungi ya hewa.