Kabla hujaagiza tairi la baiskeli Ujerumani, soma ubavu wa tairi ulilonalo

Mteja akiingia karakana na kifurushi kutoka Ulaya, kabla hajakifungua namuuliza: uliagiza kwa inchi au kwa milimita? Akisema inchi, naanza kumwonea huruma.

Inchi kwenye baiskeli ni jina tu, si kipimo. Chukua zile baiskeli za mtumba za Kijapani zenye kikapu mbele. Nyingi zina tairi la 26 x 1 3/8. Baiskeli ya milimani ya zamani nayo ni 26, ila imeandikwa 26 x 1.95. Pale tairi linapokaa, rimu ya kwanza ina kipenyo cha milimita 590 na ya pili 559. Ni milimita 31 nzima, hata ulilazimishe kwa bisibisi tatu halitakaa.

Namba 28 ndiyo inayodanganya zaidi. Phoenix na zile baiskeli nzito za kubebea mkaa kwa kawaida hutumia 28 x 1 1/2, ambayo ni milimita 635. Ukiandika "28" kwenye duka la Ujerumani utaletewa 622, ambayo ndiyo hiyo hiyo wanayoiita 700C, na ndiyo hiyo hiyo 29 ya baiskeli za milimani. Tofauti ni milimita 13, na kwa macho matairi hayo mawili yanafanana kabisa mpaka siku ya kuyavisha.

Kwa hiyo tafuta ubavuni namba yenye kistari, mfano 37-590. Ya kwanza ni upana, ya pili ni kipenyo. Upana unaweza kuupandisha au kuushusha kidogo kama fremu na breki zina nafasi. Kipenyo hakina mjadala. Angalia pia tundu la vali: vali nyembamba ya Presta hupita kwenye tundu la milimita 6.5, ile nene kama ya gari inataka 8.5.

Kuhusu fedha, wengi hutazama bei ya dukani na nauli tu. Maduka mengi ya Ujerumani huonyesha bei yenye VAT yao ya asilimia 19. Mzigo ukitoka nje ya Umoja wa Ulaya, duka linaweza kuiondoa, na kitu cha euro 119 kikabaki 100. Chagua Tanzania kama nchi ya kupokelea ndipo ulinganishe bei. Usishangilie mapema lakini: huku kuna ushuru wa forodha, halafu VAT ya asilimia 18 inayopigwa juu ya thamani pamoja na huo ushuru, bila kusahau malipo ya wakala. Ndiyo maana tyubu, waya za breki na spoki za kawaida mimi nanunua Kariakoo. Nje naagiza tairi bora, diski za breki na seti za nyuma za gia 11, tena kwa pamoja, maana nauli ya kitu kimoja kidogo inauma. Mitungi midogo ya gesi ya kujazia upepo iache; maduka mengi hayaipakii kwenye ndege.

Na usiweke akiba yako yote kwenye vocha za manunuzi za duka moja la mtandaoni. Wiggle na Chain Reaction Cycles za Uingereza zilikuwa majina makubwa kabisa, lakini kampuni yao iliingia mikononi mwa wasimamizi wa ufilisi Oktoba 2023.

Gia zina mtego wake. Mfumo wa gia 10 wa Shimano, kampuni ya vipuri vya baiskeli, wa baiskeli za milimani na ule wa gia 10 wa baiskeli za barabarani havisikilizani, kwa sababu kibadilishio cha usukanini huvuta waya kwa kiasi tofauti. Idadi ya gia haitoshi kuagizia. Geuza baiskeli, futa grisi nyuma ya kibadilisha gia kilichopo kwenye gurudumu la nyuma, usome namba ya modeli iliyochongwa pale, mfano RD-M6000, kisha umtumie muuzaji namba hiyo pamoja na picha.